Msamaha Ulioishia Ubelgiji

Mwaka 2019 nilikuwa nafundisha siasa za Japani katika chuo kimoja cha Brussels. Siku moja nilikuwa Matonge, mtaa wa Waafrika jijini humo, nasukwa nywele na mama mmoja wa Katanga, maman kama wanavyoitwa pale. Baba yake alikuwa mhandisi Mjapani katika mgodi wa shaba wa huko. Mgodi ulipofungwa, mzee yule alirudi kwao, akamwacha binti yake angali anabebwa mgongoni.

Kwenye televisheni ya saluni, waziri mkuu wa Ubelgiji alikuwa anawaomba radhi machotara wa enzi za ukoloni, waliotenganishwa na mama zao. Mikono ya maman ikasimama kichwani mwangu.

"Na Japon, itaomba pardon siku gani?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba serikali za Japani zimewahi kuwaomba radhi majirani zao wa Asia, na mpaka leo watu wanabishana kama radhi ile ilitosha. Kuhusu watoto wa Wajapani walioachwa Katanga sikuwahi kusikia neno.

"Donc, ina maana sisi hatuko hata jirani yao," akasema polepole.

Akaendelea kusuka. Kwenye kioo niliona machozi yanamtoka.