Kabichi za Kufungwa

Pale Kishanda, enzi za Mwingereza, Kiswahili kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Bwana Kagaruki, Ta Kagaruki kwa Kihaya. Alikipata Bukoba mjini, alikokaa miaka minne akifua na kupiga pasi kwa Mhindi mmoja, na aliporudi kwao hakukubali mtu mwingine akiguse. Mgeni wa serikali akija, mkalimani ni yeye. Barua ikija, msomaji ni yeye, na isiposomeka aliisoma vilevile.

Ndiye aliyeitwa siku bwana shamba Saburi alipokuja na mbegu za kabichi. Wanaume walisikiliza wamekunja nyuso, maana mwanamume wa Kihaya ana migomba na kahawa; mboga ni mambo ya wanawake. Saburi, Mwislamu wa mjini, alizungumza mbiombio: "Mtazipalilia, mtaziwekea majivu, mtangoja. Zikishafunga, vuneni."

Kagaruki alikohoa, akatafsiri kwa Kihaya: "Anasema tupalilie, tuweke majivu, kisha tuzifunge. Usipozifunga huvuni kitu."

"Tuzifunge kwa kitu gani?" aliuliza Rweyemamu, jirani yake, mtu asiyewaheshimu wasomi.

Hilo Saburi hakulisema, lakini mkalimani wetu hakuwa mtu wa kukwama. "Kwa kamba za mgomba," alijibu.

Kagaruki alizitaka kabichi hizo kwa sababu yake. Baada ya Sikukuu ya Mavuno usharika ungechagua mzee mpya wa kanisa, naye aliutamani uzee huo mpaka chakula kikamshinda. Akasimama mbele ya waumini akaahidi kuleta madhabahuni kabichi ambayo Kishanda haijawahi kuiona. Hapo hakudanganya, maana Kishanda haikuwahi kuona kabichi yoyote.

Tuta alilichimba nyuma ya jiko, palipokuwa na mnavu wa mkewe, Kokugonza.

"Waitu, Ta Kagaruki, hiyo ndiyo mboga tunayokula," mkewe alimsihi kwa heshima.

"Hayo ni magugu. Bwana shamba hakuyataja."

Kokugonza aliiokota miche iliyong'olewa, akaipanda upya kando ya jalala.

Kuku walifukua tuta la kwanza. La pili lililiwa na konokono. Mbuzi wa Rweyemamu alipenyeza kichwa kwenye uzio akamaliza mstari mzima, na Rweyemamu akaja kulalamika kwamba mbuzi wake anaharisha. Zikabaki kabichi kumi na mbili. Hizo Kagaruki alizipenda kweli. Aliziamkia kabla ya kunawa uso, na jani jipya likichomoza alimwita mkewe aje kuona. Kokugonza alikuja, akaona, akarudi kwenye moshi wake.

Majani yalipotanuka, akazifunga. Alizikaza kweli, fundo juu ya fundo, na majirani, ambao nao walikuwa wamepanda, wakafanya hivyo hivyo, mpaka bustani zote za Kishanda zikajaa wafungwa. Kagaruki alizizungukia akikagua mafundo ya watu na kuwakosoa.

Jumamosi ya kuamkia sikukuu aliing'oa iliyo kubwa kuliko zote. Ilikuwa nyepesi kama kofia. Aliibonyeza, ikabonyea, ndani hamna kitu. Kagaruki akakaa chini palepale kwenye tuta.

"Nimeaibika, Ma Kokugonza," alisema, na machozi yalikuwa karibu.

"Nenda kaoge," mkewe alimjibu.

Asubuhi kabichi ilikuwa nzito. Kagaruki alimshukuru Mungu na hakuuliza zaidi.

Kanisani mchungaji aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua juu, akaanza kuisifu bidii ya mtumishi huyu. Kamba, iliyokwisha kukauka, ikakatika. Majani yakafunguka na mnavu ukamwagika juu ya kitambaa cheupe, mbichi kabisa, fungu zima.

"Kabichi yake imezaa!" Rweyemamu alipaza sauti.

Saburi, aliyealikwa kwenye chakula cha sikukuu, alichungulia mlangoni akaona kabichi za watu zimepangwa mbele, zote na kamba zake. "Jamani, nani amezifunga hizi?"

Kanisa zima likamgeukia Kagaruki.

"Nilisema zikishafunga! Kabichi hufunga yenyewe, hujikunja majani!"

Safari hii hapakuhitajika mkalimani. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Uzee wa kanisa alipewa Rweyemamu, na mnavu ukapelekwa jikoni, ukaliwa ukaisha kabla ya nyama.

Njiani kurudi, walipokaribia kwao, Kagaruki alimgeukia mkewe. "Kwa nini uliniwekea magugu yale?"

"Ulisema umeaibika," alijibu Kokugonza. "Sikuwa na kingine cha kukupa."

Jumatatu majirani walimwona mwanamume mzima amechuchumaa kando ya jalala, kikapu mkononi.

"Ma Kokugonza," aliuliza taratibu, "na huu nao hufungwa?"

"Haufungwi, Ta. Unachumwa tu."

Akachuma.