Mbu Wazee wa Nyumba ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kupasua mbu niangalie kama amewahi kutaga. Nikisema hivyo kwenye bajaji au kwenye foleni ya benki, watu hucheka kwanza, halafu hunitazama usoni kuona kama niko timamu. Niko timamu. Nina chumba kidogo Kalangalala, mjini Geita, chenye meza, darubini, feni mbovu na vikombe vya karatasi vilivyofunikwa kipande cha chandarua. Ndani ya vikombe kuna mbu waliokamatwa alfajiri kwenye nyumba za vijijini. Nawapasua kwa sindano mbili nyembamba kwenye tone la maji, na kabla ya saa ya chakula najua nani kigoli na nani bibi.

Sababu yenyewe ni nyepesi. Mbu hazaliwi na malaria. Anainyonya kwa mtu mgonjwa, kisha vimelea vinapevuka tumboni mwake siku kumi hivi au zaidi kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Wengi hawafiki huko. Jua linawakausha, upepo unawapoteza, buibui na mijusi wanachukua fungu lao, wengine wanakosa hata ua la kunyonya utamu na wanaishiwa nguvu. Mimi nilizaliwa Shinyanga, na hupenda kuwatania watu wa Geita kwamba kiangazi kikikaza kwetu mbu hasubiri dawa, anakufa kwa kiu. Huku mambo ni tofauti. Kuna migomba, kuna unyevu wa ziwa, na kuna maduara yaliyotelekezwa na wachimbaji wadogo, mashimo marefu yenye giza na ubaridi mchana kutwa. Mbu akijificha humo anaishi kama mstaafu. Kwa hiyo mbu kijana sina ugomvi naye sana. Anakuuma, unajikuna, yameisha. Adui yangu ni yule aliyekula chumvi nyingi.

Msimu ninaoukumbuka, wapulizaji walikuja na pampu zao mgongoni hadi kijiji cha kina mume wangu, kwenye njia ya kuelekea Nkome. Walipuliza dawa ukoko kwenye kuta za ndani, nyumba kwa nyumba. Mbu akishashiba damu anakuwa mzito, anatua ukutani apumzike, na dawa inammaliza hapohapo. Hapati nafasi ya kuzeeka. Nilitegemea kuona vigoli watupu kwenye vikombe vyangu, na kweli niliwaona, isipokuwa kwenye vikombe vya nyumba moja. Humo walijaa mabibi. Namba ya nyumba hiyo niliijua bila kuuliza, maana nimelala humo mara nyingi na imeandikwa kwa rangi juu ya mlango. Ilikuwa nyumba ya mama mkwe wangu.

Nyumba nyingine yoyote ningeandika tu namba na kuendelea na kazi. Lakini humo alikuwa anaishi wifi yangu, mdogo wa mume wangu, aliyerudi kwa mama yake kulea mimba. Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza aliipoteza mwezi wa mwisho, kwa malaria, akiwa humohumo. Safari hii hakuna aliyethubutu kununua hata kofia ya mtoto. Wifi alilala ndani ya chandarua kila usiku na kliniki hakukosa, lakini saa za kupika, kula na kupiga stori sebuleni si saa za chandarua.

Kiongozi wa wapulizaji aliniambia huenda mbu wamejenga usugu.

"Usugu wa nyumba moja?" nikamuuliza, na sikungoja jibu. Nikapanda pikipiki.

Nilipofika nilipiga goti kama inavyompasa mkwe, nikamwamkia mama kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Aliitikia kwa furaha, akanikaribisha ndani, na hapo ndipo pua yangu ilipoelewa kabla ya akili. Nyumba ilinukia udongo mbichi. Mama mkwe alikuwa amesiriba kuta zote kwa udongo laini na samadi ya ng'ombe, juu yake akapaka udongo mweupe, na kwa chini akazungusha mstari mwekundu ulionyooka kuliko wa fundi. Nakiri zilipendeza. Alieleza kwamba mtoto akizaliwa, ukoo wa mume wa wifi utakuja kutoka Shinyanga kumwona, na yeye hapokei wakwe kwenye kuta zenye michirizi ya dawa.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. "Mayu, umeizika dawa!"

"Nimezika uchafu," alisema. "Hizi kuta nazisiriba tangu wewe hujazaliwa."

"Basi irudiwe. Wapulizaji bado wapo."

"Warudie kuchafua? Kwangu, hapana."

Nikasema maneno mengine ambayo mkwe hamwambii mama mkwe wake. Wifi alikuwa kwenye kigoda akimenya mihogo, akamenya kwa kasi kama anashindana na mtu. Niliondoka bila kupewa chakula, na katika nyumba ile hilo ni sawa na kofi. Njia nzima nilikuwa nabishana naye ndani ya helmeti, na humo nilishinda kila hoja.

Siku chache baadaye akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wifi yako mwili unachemka. Tuko njiani tunakuja."

Niliwakuta hospitali. Ilikuwa malaria, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nesi aliinama akasikiliza tumbo, akahamisha mkono, akasikiliza tena, na sisi wawili tukamkodolea macho bila kupumua. Aliponyanyuka akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Mama mkwe akakaa chini sakafuni na kitenge chake kipya, nami nikakaa kando yake. Alinishika mkono.

Asubuhi yake homa ilikuwa imeanza kushuka na wifi amelala. Mama mkwe akajifunga kitenge vizuri. "Nipeleke kwenye hiyo kazi yako."

Nikampeleka, nikamkalisha kwenye stuli mbele ya darubini.

"Naona kope zangu tu," alilalamika.

Nikamrekebishia. Kwanza nikamwonyesha mbu wa nyumba ya jirani yake. Kwenye mfuko wa mayai wa mbu kuna vimirija vyembamba vya hewa, na kwa mbu asiyewahi kutaga vimejikunja kama uzi uliofungwa fundo. Akaona, akatikisa kichwa kukubali. Kisha nikamwekea mwingine.

"Huyu nyuzi zake zimenyooka."

"Ameshataga, mayu. Zikishanyooka hazijikunji tena."

Mama mkwe amezaa watoto wanane. Jicho halikutoka kwenye kioo. "Kumbe hata wao tumbo halirudi," akasema, na tukacheka wote wawili mpaka stuli ikayumba. Alipomaliza kujifuta machozi akauliza, "Huyu katoka kwa nani?"

"Kwako."

Nikamwekea wa pili, naye nyuzi zimenyooka. "Na huyu?"

"Kwako, mayu."

Akauliza mbu akikaa siku zote hizo anapata nini, nikamweleza habari ya vimelea vinavyopevuka. Niliongea polepole, na safari hii sikupandisha sauti. Akasogea mbali na darubini kama imemtukana. "Wanazeekea kwangu," alisema. "Wananinywea binti yangu, wananizeekea ukutani, na hata ndoo ya maji hawanichotei!"

Hakunywa hata chai. Aliniachia wifi, akapanda pikipiki kurudi kijijini, na yaliyofuata nilisimuliwa na mpulizaji aliyemwita kurudia kazi. Alikuta vitu vyote viko nje: vitanda, masufuria, magunia ya mpunga, makochi, mpaka kuku na vifaranga wamefungiwa mbali. Alipoona zile kuta nyeupe alisita, akamuuliza kama ana uhakika.

"Puliza, baba," mama mkwe akamjibu. "Usizionee huruma."

Hakuishia hapo. Alizunguka kwa majirani, akawakuta wawili tayari wanakanda udongo. Aliwaambia wasiribe nje wanavyotaka, wachore maua, wachore simba, lakini za ndani ziachwe mpaka dawa iishe nguvu. Mmoja akambishia. Mama mkwe akakaa kwenye baraza la huyo jirani mpaka udongo ukakaukia kwenye beseni. Nilipoisikia habari hiyo nilijivunia kuolewa kwenye ukoo ule.

Wifi alipopona nilimweka kwangu mjini kwanza, kisha akarudi kwa mama yake. Wiki zile nilikuwa nafungua vikombe vya nyumba ile kabla ya vingine vyote. Mabibi walianza kupungua, halafu wakawa wa kutafuta, halafu asubuhi moja nikapasua mbu wote wa nyumba ile na sikukuta hata mmoja aliyewahi kutaga. Nilipiga kelele peke yangu. Mwenye duka la jirani akachungulia kuuliza kama mkeka wangu wa kubeti umetiki. Nikamwambia umetiki, na mkubwa kuliko yote aliyowahi kuiona.

Mtoto alizaliwa hospitali, mzima, mweusi wa kung'aa, mwenye hasira zangu. Wakwe wa wifi wakaja kutoka Shinyanga na mchele, kuku, vitenge na maneno mazuri mengi. Tukawaingiza sebuleni. Michirizi ya dawa ilikuwa imeshuka kutoka darini hadi ule mstari mwekundu, na sehemu nyingine weupe ulikuwa umebaki mabaka. Nilimwona shangazi wa mume wa wifi akizungusha macho ukutani, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayejitahidi asione.

"Dada," akamwambia mama mkwe kwa upole, "tuko wanawake wengi hapa. Kesho tungeamka mapema tuwasaidie kusiriba."

Namjua mama mkwe wangu. Kwa aibu ndogo kuliko hiyo amewahi kususa harusi. Nilijiandaa kuingilia kati na maelezo yangu ya kitaalamu.

Hakunihitaji. Alimtoa mtoto mikononi mwa wifi, akavuka chumba, akamweka kwenye mapaja ya yule shangazi.

"Wa kwanza tulimzika kuta zikiwa zinang'aa," alisema. "Huyu mshike."

Shangazi akamtazama mtoto, akatazama ukuta, kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika ziwani. Mtoto akashtuka, akalia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyejaribu kumbembeleza anyamaze.