Sato wa Agosti

Siku Odeta alipopata matokeo ya mtihani wa kuingia shahada ya uzamili, mwalo mzima wa wavuvi upande wa Mkuyuni ulisimama. Mizani ilikwama na sangara juu yake, kunguru wakafunga midomo, na wauza dagaa, ambao hawajanyamaza tangu ziwa lijae maji, walinyamaza mpaka kila mmoja akasikia tumbo la jirani yake likiunguruma. Arobaini na nane. Na alama ya kufaulu ni hamsini.

Si kwamba Odeta hakujua samaki. Miaka kumi na minne alikuwa mkusanya takwimu wa mwalo huo: mtumbwi ukitua, yeye na fomu zake wapo, sato wangapi, sangara wangapi, kilo ngapi. Waliomjua wanasema alikuwa akimtazama sato machoni anakutajia siku aliyozaliwa na jina la mama yake. Shahada ya kwanza aliipata kwa kusoma huku anapima samaki. Hii ya pili ndiyo ingempandisha awe msimamizi wa mialo yote ya wilaya, na mkuu wake wa kazi, Pius, alishamwambia waziwazi: ruhusa ya masomo ni mwaka huu tu, mwakani ni zamu ya mwingine. Chuo nacho kilikubali mtu arudie mtihani mara moja, basi. Kujiandikisha mwisho Ijumaa saa kumi jioni, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Arudie au aache? Akampigia simu Chenge, waliyesoma naye, ambaye sasa ni mhadhiri msaidizi palepale chuoni.

"Dada Odeta, aliyekuua ni swali la sita," Chenge alisema. "Umepata sifuri. Tena imenona kama yai la bata."

"Lile la sato? Mbona hilo ndilo nililolijua kuliko yote!"

Swali la sita lilikuwa na mchoro wa sato waliovuliwa mwezi hadi mwezi katika mwalo mmoja wa ziwa hili. Julai wachache, Septemba wachache, lakini Agosti mstari unaruka juu kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Eleza sababu. Odeta alikuwa ameandika: Haiwezekani. Agosti upepo hulikoroga ziwa, mitumbwi midogo inalala nchi kavu. Mchoro huu una kosa.

"Jibu la Profesa Luhende ni kwamba Agosti sato wanasogea ufukweni kufuata joto," Chenge alisema. "Ugunduzi wake huo, ameutembeza mpaka Ulaya. Na ukirudia utalikuta swali lilelile, hajawahi kuliacha. Andika joto, dada, chukua alama zako uje tusome. Ubishi wa nini?"

"Joto lipi, Chenge? Agosti mimi nakaa mwaloni na sweta!"

"Basi nitakutumia andiko lake, usome mwenyewe."

Andiko liliingia kwenye simu Alhamisi asubuhi, Odeta akiwa nyumbani Mkolani anachambua mchicha na mama mkwe wake, Bibi Rebeka, ambaye jana yake alisimuliwa yote ya Profesa, mwanamke aliyewahi kumwapia padri kwamba amemwona kiboko akinyonyesha mbuzi. Odeta akasoma ukurasa kwa ukurasa mpaka wa mwisho, na pale chini, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, akakuta: Takwimu za mwaka 2011 zilikusanywa mwaloni na O. Machibya.

O. Machibya. Odeta Machibya. Yeye!

Masikio yaliziba. Moyo ulimshuka, ukapita tumboni, ukapita magotini, ukatua kwenye ndala. 

"Mama," aliita, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya kisima. "Unakumbuka nilipojifungua Yeremia?"

"Nisikumbuke nina wazimu? Si nyumbani kwangu Kiseke? Ulipiga kelele zikasikika Ukerewe."

"Mwezi gani?"

"Wa nane."

"Sasa mwezi wa nane huo, mwaloni alikuwepo nani?"

Bibi Rebeka akaacha mchicha. Ndipo wote wawili walipokumbuka, na kumbukumbu ikawakalia kifuani kama gunia la mpunga. Mwaloni hakuwepo mtu. Odeta alikuwa na kibarua kipya, cha mkataba wa miezi mitatu, akaogopa kuomba likizo asije akatupwa nje. Mwezi ulipokwisha, akiwa kitandani Kiseke na mtoto ananyonya, alijaza fomu za siku thelathini na moja kwa mkao mmoja. Tena namba hazikuwa zake. Yeye alikuwa na usingizi. Mtaja namba alikuwa mama mkwe.

"Wewe ulitaka kuandika kumi na mbili," Bibi Rebeka alisema polepole. "Nikakwambia, kumi na mbili hao ni samaki au mitume? Weka mia tatu, ziwa letu lisije likaonekana la kimaskini."

"Ulisema mia tatu na arobaini."

"Arobaini nilimwongezea mtoto." Kisha macho yakamtoka bibi, yakawa makubwa kama visahani. "Mayu wee! Yaani profesa mzima amepanda ndege kwenda Ulaya kwa samaki wangu?"

Odeta hakucheka. Alikuwa anahesabu njia zilizobaki. Akiandika joto, anapewa alama kwa uongo aliouzaa mwenyewe. Akiandika ukweli bila kusema ameujuaje, anachukua sifuri nyingine. Akisema ameujuaje, kuna Pius, na mtu hufukuzwa kazi kwa fomu za kutunga. Na akiacha kurudia, hakuna atakayejua mpaka kiama, ila ruhusa ya masomo imekwenda.

"Andika joto, mama Yeremia," bibi alimshauri. "Uongo ni wetu. Nani anakatazwa kuchinja ng'ombe wa zizi lake?"

"Miaka yote hii wanafunzi wanakaririshwa samaki wa kitandani, mama!"

"Nao si wamefaulu?"

Odeta akachukua karatasi ajizoeze. Akaandika: Sato hufuata jo... Mkono ukagoma. Alijaribu mara tatu, na mara zote ukagoma palepale, kama punda aliyeona chatu.

Ijumaa saa tisa na nusu alifungua fomu ya chuo kwenye simu. Palikuwa na nafasi ya kueleza sababu ya kuomba kurudia, ambayo husomwa na mtunga mtihani mwenyewe. Wengine huandika homa, wengine msiba. Odeta aliandika: "Swali la sita nilijibu kweli. Mchoro ni wa uongo, na uongo huo niliutunga mimi, Agosti 2011, nikiwa kitandani na mtoto wa wiki nne. Namba nilitajiwa na mama mkwe wangu, Rebeka. Samaki hao hawajawahi kuwepo. Naomba kurudia mtihani." Akatuma upesi, kabla kidole hakijapata akili.

Saa kumi haijafika, simu ikaita. Namba ngeni.

"Shikamoo, Profesa," alisema Odeta, maana nani mwingine?

Marahaba haikuja. Zilikuja pumzi tu, kama za mtu aliyepanda mlima na jiwe kichwani. Bibi Rebeka alibandika sikio kwenye simu kwa upande wa pili.

"Nimeifundisha Agosti hiyo miaka saba," sauti ilisema.

"Nisamehe, Profesa."

Kisha, kwa woga kabisa: "Na Septemba?"

"Septemba nilikuwepo. Septemba ni samaki kweli."

"Na Julai?"

"Julai pia. Nilikuwa na tumbo kubwa lakini nilihesabu."

Profesa alishusha pumzi ndefu. "Mtihani ni tarehe ishirini. Jina lako nimeliona limeingia. Swali la sita nitatunga jingine, na usitegemee huruma yangu. Ila Jumatatu namwandikia mwajiri wako. Sina namna."

"Mwandikie, Profesa."

Simu ikakatika. Odeta akavuta viatu vyake mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Mwaloni, kwa Pius. Asikie kwangu kabla ya barua."

"Atakufukuza huyo!"

"Huenda. Mtihani nitaufanya hata kama sina kazi."

Bibi Rebeka akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Akachukua kitenge, akajifunga juu ya kile alichovaa, akakaza fundo. "Ngoja twende wote," alisema. "Wewe uliandika tu. Samaki ni wangu."