Kibodi Iliyomfuata Mke Wangu

Akodiani yangu, kinanda cha kubeba kifuani, niliinunua kwa jasho langu, na hakuna mwalimu aliyenifundisha kuipiga. Sauti zake zimefungwa kiwandani, hazipandi wala hazishuki. Kwa hiyo katika kikundi chetu cha harusi, fidla hukazwa nyuzi kuifuata, na mwimbaji huitafuta sauti yake mpaka aipate. Mwimbaji ni mke wangu.

Mwezi jana, kwenye harusi moja mtaani Bwaise, wenye harusi waliita mpiga kibodi ya umeme, mwanamume nadhifu kutoka Ntinda, mtaa wa wenye nazo. Akamwuliza mke wangu, "Mama, sauti yako leo iko wapi?" Akaimba kidogo, chini. Jamaa akabonyeza kitufe, kibodi nzima ikashuka ikamfuata. Mke wangu aliimba akitabasamu, na mimi roho ikaniuma kama nimewafumania.

Nyumbani akasema, "Leo koo haliniumi."

"Kwani huwa linakuuma?"

"Sauti ilishuka tangu nizae mtoto wa mwisho, mzee. Hukusikia?"

Jumamosi jamaa ameitwa tena. Nimemwambia mke wangu nitakwenda na akodiani yangu, achague mbele za watu.

"Njoo," akasema, "lakini iache nyumbani. Ukae na wageni, ule pilau."