Nilivyowatua Wageni wa Anga Kwenye Migomba ya Baba Mkwe

Kwa miaka mingi, kila mkasa huu ulipotajwa mbele yangu, nimekuwa nikicheka kuliko wote na kusema kwamba ile makala niliiandika kwa kejeli, kwamba nilikuwa nawapima wasomaji nione wako tayari kumeza nini, na wenzangu wakitikisa vichwa wakisema kweli huyu mama ana akili. Leo naomba niseme ukweli. Kejeli haikuwepo. Niliamini kila neno, niliamini mpaka vinyweleo vikanisimama nikiwa naandika, mimi mwenye digrii, mwalimu wa historia, niliyekuwa nikiwafokea wanafunzi kila siku kwamba habari bila ushahidi ni umbea tu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, milango ya nchi imefunguliwa na kila kitu kinaingia kwa pamoja: sabuni za kunukia, suruali za mitumba, madeki ya video kupitia Namanga, na mawazo, ambayo hayakulipiwa ushuru. Mume wangu alinunua deki, jirani yetu pale Kaloleni, Arusha, akatuazima kanda, na ndani ya kanda hiyo bwana mmoja mwenye sauti nzito kama ya mhubiri akaeleza kwamba zamani sana viumbe kutoka nyota za mbali walishuka duniani, wakajenga mapiramidi, wakawafundisha watu hesabu, kisha wakaondoka bila kuaga. Mara ya kwanza niliitazama nikiwa napiga pasi, mara ya pili nikiwa nimekaa, mara ya tatu nikiwa na kalamu. (Leo najiuliza mbona yule bwana hakuuliza hata kidogo nani aliwasaidia Wazungu kujenga makanisa yao makubwa, yaani ni sisi tu ndio tulihitaji fundi kutoka nyotani. Wakati ule sikuuliza. Nilikuwa naandika.)

Magazeti ya watu binafsi nayo yalikuwa yakizaliwa kila wiki kama vifaranga, na moja la pale mjini lilinipa ukurasa wa nyuma niandike nipendalo. Nikaandika kuhusu wageni wa anga na Mlima Meru. Nikachukua masimulizi ya Wamaasai na Waarusha, kwamba ng'ombe wa kwanza waliteremshwa kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi hadi ukanda ulipokatwa, na kwa kalamu yangu ukanda ule ukageuka ngazi ya chuma. Nikachukua bonde la Ngurdoto, duara lile zuri linalomfanya mtu anyamaze akilitazama, nikaligeuza maegesho. Kila nilipokosa la kusema niliandika “wataalamu wanaamini”, na wataalamu wenyewe walikuwa yule bwana wa kanda.

Nilimpa mwenzangu wa baiolojia asome kwanza, Mwalimu Saning'o, Mwarusha wa Terrat, mtu wa maneno machache. Akasoma yote, akaikunja karatasi taratibu, akanirudishia.

“Dada, sisi tunasema Mungu aliteremsha ng'ombe,” akasema. “Wewe umeona aibu kumtaja Mungu, umeweka dereva.”

Nilimwonea huruma. Nilimwona ni mtu ambaye bado hajafunguliwa macho.

Mambo yangeishia hapo, makala ingefungiwa maandazi na kusahaulika, lakini mhariri alinipigia akasema ukurasa umebaki na nafasi kidogo pale chini, niongeze aya moja. Aya moja tu. Nikalikumbuka jiwe la baba mkwe.

Baba mkwe, Mzee Aminieli, alikuwa na shamba la migomba na kahawa huko juu ya Maji ya Chai, na katikati ya migomba, karibu na mfereji wa maji, palikuwa na jiwe jeusi lenye ukubwa wa kondoo aliyelala. Nilipoolewa nilipelekwa kulisalimia. Ukoo wao haukuliruka, haukulikalia, na zaidi ya yote haukuligusa kwa chuma, si jembe, si panga, na majani yaliyolizunguka yaling'olewa kwa mikono. Mzee alinisimulia sababu mwaka ule ule wa harusi. Babu yake alikuwa akichunga mchana wa jua kali, mbingu ikanguruma bila wingu, kikapita kitu chenye moshi na mwanga, ng'ombe wakatawanyika, na babu alipofika alikuta migomba imeungua na jiwe liko ndani ya shimo, la moto, mvuke unatoka udongoni. Wenzake wakaja wakamuuliza ameona nani. Akajibu hakuona mtu, ameona jiwe. Wakamuuliza tena na tena, hadi uzee wake, na jibu lake likawa hilo hilo, na wengine wakafa wakimwita mwongo.

Hayo ndiyo niliyoyaweka kwenye aya yangu. Isipokuwa lile jibu. “Hakuona mtu” lilikuwa linaniharibia, basi nikaliacha, na mahali pake nikaandika kwamba mzee wa kale alishuhudia kutua kwa chombo, kwamba sehemu ya chombo hicho ingali pale, na kwamba huenda imetengenezwa kwa madini yasiyojulikana duniani. Nikataja na njia ya kufika, kwa uungwana.

Sasa, ukiandika neno madini katika mji wa Arusha, hujaandika kitu, umepuliza filimbi. Mabroka wa vito walifika kabla wino haujakauka, na kurunzi zao, na sumaku, na nyundo mikobani, wakamsalimia mzee shikamoo za heshima kuu kisha wakaanza kulipapasa jiwe lake kama wanapima mimba ya ng'ombe. Wakajaribu kulinyanyua, wanaume wazima kwa miti na kamba, likakataa hata kutikisika. (Jambo hili niliambiwa. Mtu mwenye akili angejiuliza ni jiwe gani la ukubwa ule linawashinda wanaume wote wale. Mimi nilijiuliza kama watanilaumu.) Watu wa kusali nao wakaja, wengine kuliombea, wengine kulikemea. Migomba ikakanyagwa. Mama mkwe akatuma ujumbe mfupi: aliyewaita aje awaondoe.

Nikaona dawa ni moja tu. Mimi niliyewasha ndiye wa kuzima. Nikarudi maktaba, nikasoma kuhusu mlima, nikajifunza kwamba Meru ni volkano na mawe meusi yametapakaa huko kila mahali kwa sababu yalitemwa na mlima wenyewe, na ule moto wangu wote ukahamia upande wa pili usiku na mchana. Sikupunguza imani, niliihamisha tu. Jumapili baada ya ibada nikasimama pale migombani nimevaa kitenge changu kipya cha kanisani, umati umenizunguka, mabroka mbele, washarika nyuma, baba mkwe ameegemea fimbo yake pembeni, nikatangaza kwamba nimechunguza kisayansi na hili ni jiwe la volkano kama mengine, halina thamani, na yale ya babu kuona kitu kikishuka ni hadithi tu za wazee, za kuwatuliza watoto walale.

Nilisema hivyo mbele ya baba mkwe, mjukuu wa babu yule. Sikumtazama usoni.

“Mwalimu, tulikusoma,” broka mmoja mnene akasema. “Tumekuja na nauli zetu. Tuoneshe basi kwamba ni la kawaida.”

Nikakubali kwa furaha. Nikaokota jiwe la volkano pale mferejini, nikaomba nyundo, broka akanipa yake, nikalipiga, likapasuka vipande viwili kama muhogo uliochemka. Mmeona, nikasema. Watu wakaguna. Basi nikageuka, nikainua nyundo kwa mikono miwili, na nikaisikia sauti ya mama mkwe ikiniita jina langu la nyumbani, lakini mkono ulikuwa umeshashuka.

Jamani. Lile jiwe lililia. Halikutoa kishindo cha jiwe, lilitoa mlio wa kengele, mrefu, ukapanda kwenye majani ya migomba ukawa bado unakwenda, na nyundo ikarudi juu kwa nguvu ile ile niliyoishusha nayo, ikanitoka mikononi, nami nikaenda kinyumenyume hatua ambazo siwezi kuzieleza hadi nikakaa ndani ya mfereji, kitenge na kila kitu, maji baridi ya mlimani yakinipita kiunoni. Hata kuku hawakulia. Ninakumbuka kwamba kabla ya aibu kunifikia nilisikia kitu kingine, hofu ya kupendeza, kama mtu aliyesukuma mlango wa chumba alichodhani ni cha kuwekea kuni akakuta kumbe ni uwanja.

“Limeitika,” akasema bibi mmoja.

“Bisha hodi tena, mwalimu,” akasema yule broka. “Labda watafungua.”

Hapo wakacheka, wakacheka wote, mpaka mchungaji, na mimi nikiwa nimekaa pale mferejini nimeshika kigamba kidogo chenye kutu kilichobanduka na kuruka hadi mapajani pangu, kizito kuliko ukubwa wake.

Jioni ile nilikata jani la isale kwenye uzio nikaenda kumpigia magoti baba mkwe, maana kwa Wameru, kama kwa Wachaga, anayepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Alilipokea. Akalishika muda mrefu.

“Kulipiga kwa chuma, nimekusamehe,” akasema. “Ila babu yangu alisema hakuona mtu. Ulipoandika, ukaweka watu. Leo umesema hata jiwe hakuliona. Sasa mwanangu, ni lini utamwacha aseme alichosema?”

Nikamwonyesha kile kigamba, nikamweleza kwamba nina rafiki niliyesoma naye chuo kikuu pale Mlimani, Mwanaidi, binti wa Tanga, amebobea katika mawe na yuko maabara huko Dar, na kwamba akiruhusu nitampelekea akipime, ila sijui atasema nini, huenda akasema jiwe ni la volkano kweli. Nilitegemea akatae. Akasogeza kiti chake karibu na changu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamwona si mkwe, nikamwona mjukuu.

“Peleka,” akasema. “Mimi nilisomeshwa misheni. Tuliambiwa mambo hayo ni ya giza. Nimelinda jiwe maisha yangu yote bila kujua kama namlinda mkweli au mwongo. Nisingependa kufa hivyo.”

Nikakituma kwa basi, ndani ya kopo la majani ya chai, na barua isiyokuwa na neno hata moja la mbingu wala wageni wala babu. Niliandika tu: hiki ni nini? Ni barua bora kuliko makala zangu zote. Na tangu hapo nimejiwekea sharti ambalo wahariri hawalipendi, kwamba mtu akinisimulia jambo nitaandika na ile sehemu inayoniharibia, hasa hiyo, na kwamba yule mtaalamu wangu aitwaye “wataalamu” amestaafu rasmi.

Siku simu ilipolia mzee alikuwa kwetu Kaloleni, ameteremka kuonyesha macho hospitali, amekaa sebuleni na kikombe mkononi. Mwanaidi hakusalimia sana.

“Shoga, hiki umekitoa wapi?”

Nikamwambia ajibu yeye kwanza.

Akasema walidhani ni chuma cha wahunzi, wakapima upya, wakaita na wenzao wa idara nyingine waje kupima, maana hawakutaka kuaibika. Ni chuma, ndiyo, lakini kimeungana na nikeli kwa namna ambayo ardhi yetu haifanyi na mhunzi hafanyi. Kimetoka juu. Kimeanguka. Na sauti yake, yeye aliyekuwa akinicheka chuoni nikilia kwenye filamu, ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliye msikitini.

“Ni kizee kuliko mlima wenu,” akasema. “Mlima wenu ni mtoto. Wakati kinaganda, hata hii dunia ilikuwa bado haijamaliza kuumbika.”

Nilirudia kila neno kwa sauti, na mzee akaweka kikombe chini, kikakosa kisahani, akakiweka tena. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. Akasema jina la babu yake, peke yake, bila kuongeza kitu. Kisha akanyoosha kidole kwenye simu.

“Muulize. Huko lilikotoka, kuna mtu?”

Nikamuuliza Mwanaidi. Kwenye waya nikasikia kelele za Dar, honi, feni, pumzi yake.

“Mwambie baba sijui,” akasema. “Hakuna anayejua.”

“Anasema hajui, baba. Hakuna anayejua.”

Mzee akafikiri, akaitikia kwa kichwa, taratibu.

“Mwambie kwa kusema hajui hilo,” akasema, “nimemwamini na lile la kwanza.”