Abla Akicheka, Nimwambie Nani?

Wifi yangu Kheiria hana makelele, na hilo ndilo linalonitia hasira. Mimi nikikasirika mtaa mzima unajua. Yeye hunyamaza akanywa chai yake, akakuacha na maneno yako mdomoni. Alikuja Maskati kutoka Unguja mwaka sabini na nne, ana miaka minane, Kiarabu chake cha chuo cha Kurani tu, na wenzake wakamcheka miaka miwili mizima. Nami nilipita huko huko. Tukakua, tukasomea ualimu, na mwaka tisini na nane tulikuwa skuli moja ya Al Khuwair, hapo hapo Maskati, yeye darasa la pili, mimi la tatu.

Mwaka huo akaletwa darasani kwa Kheiria Alaa, msichana wa miaka saba, ndiyo kwanza wazee wake wamehamia kutoka Unguja. Wasichana wenzake wakamwandama. Wakati wa mapumziko hukaa duara barazani wakala, na Alaa humgeuzia migongo. Walimfichia viatu. Akisoma kwa sauti, wanamuiga. Mwisho akaacha kusema kabisa, na mama yake akaapa kuwa mambo yasipobadilika, Jumatano anamtoa skuli akae nyumbani na bibi yake.

Jumatatu mama huyo alikuja kutueleza hayo. Alipoondoka tu, mimi nikasimama katikati ya chumba cha walimu nikamuiga Kiarabu chake, na mikono, na macho. Nna kipaji cha kuiga, sikatai. Walimu walicheka mpaka wakajifuta machozi, na Kheiria akacheka nao. Nyani haoni kundule. Alaa alikuwa mlangoni, ameleta madaftari ya darasa, wala hatukumwona.

Jumanne Kheiria akaweka hesabu kando, akawasomesha watoto habari ya kuoneana. Madarasa yetu yamepakana na madirisha yalikuwa wazi, nikawa nasikia kila kitu. Akawaambia anayepiga anaonea, anayecheka anamsaidia, na anayeona akanyamaza naye yumo.

"Sasa ukiona mwenzako anaonewa, utafanya nini?"

"Nitamwambia abla," wakaitikia wote, maana ndivyo wanavyotuita walimu wao.

Hapo akasimama Alaa, mtoto ambaye hajatoa neno wiki tatu. Akauliza kwa Kiswahili, "Na abla akicheka, nimwambie nani?"

Kheiria hajapata kusema Kiswahili mbele ya wanafunzi wake, tangu siku ya kwanza alikificha. Nikangoja ajifanye hakuelewa. Wallahi nilimwombea afanye hivyo.

"Nilicheka, mwanangu," akamjibu kwa Kiswahili. "Nilikosa. Nisamehe." Kisha akawarudia wote kwa Kiarabu, neno kwa neno, na akawaambia kuwa hata yeye alichekwa hivyo hivyo alipokuwa kama wao. Mimi huku nilikuwa nafuta ubao usioandikwa kitu.

Jumatano mama akaja kuchukua karatasi za kumtoa mwanawe skuli. Kheiria akanijia mlangoni.

"Wifi, twende."

"Niende wapi, nami nna darasa?"

"Unajua wapi."

Nikamwambia siendi kujidhalilisha mbele ya kitoto, ule ulikuwa mzaha wa watu wazima, na yeye mwenyewe alicheka.

"Nilicheka, na nimeshaomba radhi," akasema, na sauti imempanda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Sisi tulipochekwa, ulikuwa mzaha? Ulikuwa ukirudi nyumbani unalia, Shaikha."

Nikaenda, nimevimba kwa hasira. Ofisini mama alikuwa amekaa, kalamu mkononi, na Alaa amesimama ubavuni mwake.

"Samahani, dada," nikasema haraka haraka. "Juzi nilikutania kidogo ulipoondoka."

Mama hakuelewa. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. Kumbe mtoto hakumwambia kitu. Alilibeba peke yake siku mbili asimuumize mama yake.

"Ulinitania vipi?" akauliza.

Alaa akaniinulia uso, wala hakuwa na ufidhuli hata chembe.

"Muige kama juzi, abla," akasema. "Mama aone."

Nikafungua mdomo. Chumba kizima cha walimu nilikivunja mbavu, na mbele ya mwanamke huyu mmoja sikupata hata neno. Machozi yakanitoka, na Kheiria hakunisaidia.

Mama akaiweka kalamu mezani.

"Mwache, mwanangu," akasema. "Nenda darasani kwako."