Vifungo vya Kushoto

Fundi huyu wa foronya walimwita Shoto, kwa kuwa alishona kwa mkono wa kushoto, na vifungo ambavyo mafundi wenzake waliviweka kulia, yeye aliviweka kushoto. Alikuwa na cherehani moja, ukurasa mmoja wa kuuzia mtandaoni, na mdogo wake wa tumbo moja aliyemkosesha raha.

Mdogo mtu hakujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Lakini naye aliuza foronya mtandaoni, na kila Shoto aliposhusha bei, saa haiishi mwenzake keshashusha zaidi. Wateja wakahama. Makochi mapya yakaingia sebuleni kwa mdogo mtu, na mama yao akapata la kusema.

"Mwenzio ana akili ya biashara," mama alimwambia Shoto kwenye simu. "Mfuate akufundishe."

Akufundishe! Shoto alikata simu, roho inamuuma mpaka akajichoma sindano. Ulikuwa wivu mtupu, wala hakujidanganya. "Faida anaipatia wapi kwa bei hizo?" aliiuliza pasi, maana hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Aliyemweka mjini ni Mama Pacha tu, mteja asiyemjua kwa sura, aliyeagiza dazeni kila wiki na kupokelea mzigo kwenye duka la dawa. Mama Pacha akikatika, cherehani inauzwa.

Mwisho akamtuma jirani aagize foronya moja ya mdogo wake, ajue inashonwa wapi. Kifurushi kilipofika akakichana kwa meno. Vifungo vilikuwa kushoto.

Akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamkuta sebuleni ameketi kwenye zulia. Makochi hayapo.

"Mama Pacha ni wewe?"

"Ni mimi, dada." Machozi yakamtoka. "Nanunua kwako, nauza kwa hasara. Hata makochi nimeyauza. Tangu utotoni ni Shoto fundi, Shoto fundi. Nilitaka na mimi nisifiwe, japo mara moja."

Shoto alitamani kumzaba kofi. Badala yake akaichukua simu ya mdogo wake, akasoma sifa za wateja: mshono safi, mshono wa kudumu, mamia kwa mamia, zote chini ya jina lisilo lake. Wivu ukampanda upya, safari hii akiionea kijicho kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Basi yaishe, dada. Ukurasa naufunga leo hii."

Shoto akaiona akilini cherehani yake ikibebwa na mnunuzi.

"Hufungi kitu," akasema. "Wiki hii unachukua dazeni ngapi, Mama Pacha?"